Blanketi Aliloomba Atupele

Wanangu, nasikia mnataka niwafundishe blanketi la vipande. Mmemtuma yule mwenzenu mwenye kucha ndefu aje kunibembeleza, akanisalimia vizuri, akapiga magoti kabisa, nikajua huyu ana shida. Nyie wote mnashona kwa cherehani za umeme, gauni linatoka kabla chai haijapoa. Sasa mmeona kwenye simu zenu kwamba kuna watu wanayatafuta mablanketi ya vipande, ndipo mkakumbuka kuna kibibi. Haya, nitasema. Lakini msitegemee nishike sindano, na msitegemee mwisho mzuri, kwa sababu sina.

Nilishona miaka mingi kwenye kibaraza kimoja pale sokoni Kyela. Sare za shule, magauni ya kwaya, suruali za wanaume wasiojua kiuno chao. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Blanketi la vipande lilikuwa kazi nyingine, ya watu watatu: mimi, Atupele wa Makwale, na Mama Zuhura wa Kasumulu. Katika hao watatu, upande huu wa mto Songwe nimebaki mimi. Na Atupele, kabla hajatutoka, aliomba kitu kimoja tu. Aliomba siku ya kuzikwa afunikwe blanketi tuliloshona sisi watatu. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, ila nitazunguka kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitalia, na nyie mtaacha kusikiliza mwanze kunitafutia maji.

Tuanze na mabaki. Miaka ile kabla serikali haijatoa ruksa ya kuingiza bidhaa, nguo ilikuwa kitu cha kuotwa. Kitambaa kikifika dukani mnapanga foleni na watoto mgongoni, na hamjui kama kinachogawiwa leo ni cha suruali au cha pazia. Kwa hiyo fundi hakutupa kitu. Mabaki yangu niliyatia kwenye gunia chini ya cherehani, yakijaa nayashindilia kwenye mito. Siku moja mvua ikapiga, na nyie mnaijua mvua yetu ikishaamua, mama mmoja aliyebeba ndizi akaingia kibarazani kwangu kujihifadhi. Mimi nilikuwa nahangaika na bobini iliyonata. Nilipogeuka nikamkuta amepiga magoti, gunia langu amelimwaga lote chini.

“We mama! Unafanya nini na mabaki yangu?”

“Nyamaza kidogo, Fundi,” akasema, bila kuinua kichwa. “Hawa bado hawajakaa vizuri.”

Kibarazani kwangu, naambiwa ninyamaze! Nikafungua mdomo nimtolee maneno, kisha nikatazama chini. Alikuwa amepanga kijani cha magauni ya kwaya, kaki ya kaptula za shule na vitenge vyekundu, vipande ambavyo mimi niliviona ni vidogo mno hata kwa mfuko wa shati. Pale chini vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja. Nilisimama na bobini mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

“Rangi ni kama watu msibani,” aliniambia. “Huyu mwekundu mgomvi. Ukimkalisha na mgomvi mwenzake hamtazika. Mpe jirani mpole.” Mpole wake siku zote alikuwa kaki. Mimi kaki nilikuwa nimeichoka kuliko kitu chochote duniani.

Huyo ndiye Atupele. Alikuwa mjane, ana mtoto mmoja wa kiume, Ambakisye, na shamba la mpunga na migomba kule Makwale. Hakusomea ushonaji mahali popote. Cherehani aliiogopa mpaka mwisho, alisema inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, akashona kwa mkono. Mimi ndiye niliyeitwa fundi, lakini kuona nilifundishwa na yeye.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Fueni kitambaa kabla hamjakikata. Blanketi letu la kwanza nilichanganya khanga zilizochakaa na marekani mpya ambayo haikuonja maji, kwa haraka zangu. Mama mmoja wa Tukuyu akalichukua, akalifua, na wiki iliyofuata akashuka nalo limejikunja lote kama uso wa mtu aliyeng’ata ndimu. Marekani ilikuwa imerudi, imepungua kila upande, na khanga imebaki ilivyokuwa. Akalibwaga juu ya cherehani yangu.

“Fundi, hili nimfunike nani? Kobe?”

Atupele alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna siku nzima. Blanketi hilo la kobe alilichukua yeye, akampa mwanawe alalie, na Ambakisye akalilalia miaka na miaka.

La pili, bandi. Ndani ya blanketi mnatia mashuka yaliyochoka, matabaka kwa matabaka, mpaka lijazie mkono. Kabla ya kushona pigeni bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza, na bandi ianzie katikati iende nje, kama mnavyosambaza wali kwenye sinia. Ukianzia pembeni hewa yote inakimbilia katikati na blanketi linaota kitambi. Nimeyaona mengi yenye kitambi, na wenyewe wanasema eti ndiyo mtindo.

La tatu halina mkasi wala sindano, na ndilo lililotufanya tuwe sisi. Lililetwa na Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa Kasumulu mpakani, Mwislamu, mnene, mwenye sauti ya kuamsha forodha nzima. Dada yake aliolewa Karonga, upande wa Malawi, kwa hiyo kuvuka Songwe kwake ilikuwa kama kwenda kisimani. Alituletea mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa kule, kisha akapanda na mablanketi yetu Tukuyu, ambako watu wanaamka na ukungu mlangoni. Hapa Kyela nani ataka blanketi? Ukijifunika unaiva. Basi kuuza alijua. Kushona, hapana. Mshono wake ulikwenda kama kuku aliyemwona mwewe. Lakini alikataa kukaa na kutazama.

“Na mimi nitie mkono wangu,” alisema. “Ama sivyo nitakuwa mchukuzi wenu.”

Tukaona ni haki. Tukaweka utaratibu wa kupokezana. Kila kipande kikubwa kilipita mikono mitatu: mmoja anaanza, anampa wa pili, wa pili anaongeza anachoona kinafaa, anampa wa tatu amalize. Na ikawa mwiko kufumua mshono wa mwenzako. Ukipokea mshono uliopinda, kazi yako ni kutafuta namna ya kuufanya uonekane ulikusudiwa kupinda. Najua mnacheka, mnasema huo ni uzembe wa bibi. Jaribuni. Kufumua mtoto anaweza, mpe wembe tu. Kumpokea mwenzako na mpindo wake, ukaukalia siku mbili ukitafuta utafanyaje nao, hapo ndipo utakapojua kama una akili au una vidole tu.

Mwalimu mmoja wa kike wa Tukuyu aliagiza blanketi la harusi yake. Kazi ya heshima hiyo. Nikaanza mimi, nikapima kwa rula, kila kitu mraba. Nikampa Mama Zuhura. Akachukua utepe wa buluu, akaanza juu kulia, na huku anatusimulia habari za afisa mmoja aliyelala kwenye zamu, akaupitisha katikati ya kazi yangu ukienda huku, ukirudi kule, mpaka ukatokea chini kushoto. Mwenyewe alipotazama akashika mdomo. Mimi nikanyoosha mkono kuchukua wembe. Atupele akaushika mkono wangu.

“Mwiko, Fundi.”

“Mwiko gani na hii ni harusi ya watu?”

“Nimesema mwiko.”

Akaenda nalo Makwale. Aliporudi alikuwa ametia kijani cha mpunga pande zote mbili za ule utepe, na vipande vidogo vya njano na udongo, na mahali utepe ulipojikunja sana akaweka kipande cha kijani kikiwa kimebaki peke yake upande wa pili. “Huu ni Songwe,” akasema. “Nani amewahi kuuona Songwe ukienda sawa?” Na kweli, kila masika mto ule unahama, mtu analala shamba lake liko kwetu, anaamka liko Malawi. Bibi harusi alilia kwa furaha. Kuanzia hapo kila mteja akataka ‘lile la Songwe’.

Hapo tukapata taabu mpya, kwa sababu Mama Zuhura kwa kushona sana akajifunza, mshono wake ukanyooka. Songwe wake ukawa kama mfereji wa idara ya maji. Ikabidi kila anaposhika utepe wa buluu tumchokoze, tumuulize habari za wifi yake, ili akasirike mkono upinde. Akigundua, anatupiga na kitambaa.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo hivyo, wazi, kwa sababu baadaye watu walinieleza kwamba ile miaka ilikuwa ya dhiki na haikuwa na kitu. Sabuni ilikuwa shida, sukari shida, hata uzi tulifumua kwenye magunia. Lakini kila nilipomkabidhi mwenzangu kipande sikujua kitarudi na sura gani, nikalala nikikiwaza. Sijawahi tena kulala nikiwaza kitu kizuri namna hiyo.

Halafu ikaja ruksa. Siitukani. Watu waliokuwa uchi walivaa, na mimi mwenyewe nilinunua sketi ya mtumba ambayo mpaka leo haijachanika. Lakini marobota ya mitumba yalishuka Kyela kama mafuriko ya Songwe yenyewe, na nyuma yake yakaja yale mablanketi mazito yenye picha ya chui. Mnayajua, bado yapo kwa mama zenu kabatini. Mama Zuhura alipanda Tukuyu na mzigo wetu, akashuka na mzigo ule ule. Mama mmoja kule alimwambia, “Viraka vya nini tena, mama, na siku hizi ruksa?”

Viraka. Miaka yote sisi tulisema vipande, na wateja wakasema vipande. Neno lile lilipoingia halikutoka.

Tukajaribu kushindana. Tukasema tatizo ni vitambaa vichakavu, tununue vipya. Mama Zuhura akaleta vitenge vizima kutoka ng’ambo, vinanukia dukani, tukavikata vipande na kuviunga. Muuza mchele mmoja wa Talatala akasimama kibarazani akitutazama, akauliza, “Samahani, mama zangu. Mnanunua kitambaa kizima, mnakikata, halafu mnakiunga tena?” Tukasema ndiyo. Akatikisa kichwa. “Ugonjwa huu umeanza lini?” Tulicheka naye, lakini alipoondoka hakuna aliyeinua mkasi. Alikuwa ameona sawa. Uzuri wa kazi yetu ulianza na kitu kilichokwisha kutupwa, na sasa hakuna kilichokuwa kinatupwa, maana hakuna aliyeshonesha nguo. Hata chini ya cherehani yangu mabaki yalikoma. Gunia likalala, panya wakazalia humo.

Mama Zuhura akaanza kuuza mablanketi ya chui. Ana watoto, wanakula. Nilijua hivyo na bado nilinuna, nikawa namsalimia kwa pembe ya mdomo. Atupele hakununa. Aliomba aletewe moja alione, akalitandaza kibarazani, akalizunguka kwa muda mrefu.

“Laini,” akasema. “Lakini chui wenyewe mpweke. Hana hata jirani.”

Mama Zuhura alicheka, kisha akalia pale pale, kilio cha mtu mzima.

Ambakisye naye wakati huo alikuwa kijana mkubwa. Alipata meza Kasumulu, akauza mitumba, kisha akauza chui, na biashara ikamkubali. Alimpenda mama yake, msije mkaelewa vibaya. Alimjengea chumba cha tofali, akamwekea bati, kila Jumapili alifika na nyama. Ila kazi yetu hakuipenda. Aliniambia siku moja, bila hasira, kwamba shuleni Makwale watoto walilikuta lile blanketi la kobe limeanikwa nje, na tangu siku hiyo jina lake likawa Viraka. Alimaliza shule akiitwa Viraka. Nilimwambia watoto ni wajinga. Akaniambia, “Mama mkubwa, ujinga wao niliulalia mimi.”

Ugonjwa wa Atupele sitautaja, kwa sababu hakuna aliyetuambia ulikuwa nini. Alikonda, akakohoa, akawa mwepesi kama kapu tupu. Mimi na Mama Zuhura tulikuwa tunakwenda Makwale kumtazama, na kile kinyongo changu kikafa chenyewe njiani, maana safari ile huwezi kuifanya na mtu uliyemnunia. Siku ya kwanza tulimkuta ameegemea ukuta, mapajani vipande.

“Mmechelewa,” akasema. “Fundi, wewe anza.”

Hivyo tukalianza blanketi la mwisho. Nilianza mimi, nikampa Mama Zuhura, Mama Zuhura akampa yeye. Vidole vyake havikuweza tena kusukuma sindano, basi alilishika kwanza, akaligeuzageuza, kisha akaelekeza kwa kidevu: njano hapa, hapana, ile iliyopauka, mnyonge mwenzangu. Tukashona alivyosema, na tukahesabu ni mkono wake. Mama Zuhura alimkatia utepe wa buluu na kuuomba mkono wake upinde wenyewe, safari hii bila kuchokozwa. Ulipinda. Alikuwa haoni vizuri kwa machozi.

Siku Ambakisye alipokuwepo, Atupele alilivuta lile blanketi mpaka kifuani. “Mwanangu, siku yangu nifunikeni hili. Hayo ya chui wape wanaosikia baridi.”

Ambakisye akatazama mlangoni. “Mama, hutakufa.”

“Nyie Wakristo mna mambo,” Mama Zuhura akadakia, kuondoa uzito. “Sisi tunakwenda na nyeupe tupu. Nyie mnahama na godoro.”

Atupele alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikamshika mgongo. Lakini mimi nilisikia vizuri kwamba kijana hakusema ndiyo.

Nisimame hapa kidogo. Mnaona nimewapa kufua, nimewapa bandi, nimewapa hata rangi za msibani. Vilivyobaki siwezi kuwapa. Kupokezana hakufundishwi na mtu mmoja, na mimi ni mmoja. Mama Zuhura yuko Karonga kwa dada yake, macho yamekwisha. Nikivuka kumwona tunazungumza bei ya mchele na magoti yetu. Siku ya mazishi hatuigusi. Mkitaka vipande, shikeni nyinyi wenyewe watatu, wanne, mpeane. Lakini sina imani, naomba mnisamehe. Nawaona mkimaliza kazi mnavyoificha, mwenzenu asije akaiga.

Atupele alifariki masika yamepamba moto. Kwetu mnajua, ndugu na marafiki huleta mashuka na mablanketi msibani, na mzee wa ukoo husimama kuyatangaza, hili la fulani, hili la fulani, na yale yanayochaguliwa humfunika marehemu na kwenda naye. Sisi tulifika na letu. Mzee aliyekuwa anatangaza, shemeji yake Atupele, aliponyoosha mkono alipokee, Ambakisye akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa yamevimba.

“Mama mkubwa, naomba hilo lisitangazwe.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Watu wamejaa. Watasema nina meza nzima ya mablanketi, halafu mama yangu nimemzika na viraka.”

“Ameomba mwenyewe. Ulikuwepo.”

“Alikuwa mgonjwa.”

“Mgonjwa wa mwili!” Mama Zuhura akapaza sauti. “Macho yake yalikuwa mazima kuliko yako!”

“Jamani, jamani,” mzee akasema. “Msigombane mbele ya marehemu. Mwenye msiba ni mtoto. Mtoto amesema.”

Tukakaa chini. Ambakisye alimfunika mama yake ndani ya jeneza kwa mikono yake mwenyewe, chui wawili, mmoja juu ya mwingine, akamkunjia pembe vizuri kama anavyokunjiwa mtoto mchanga, machozi yanadondoka juu ya manyoya. Nililiona pendo lake na bado nilimchukia. Vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja.

Makaburini nilikwenda na blanketi nimelipakata. Mama Zuhura aliniuliza la nini tena. Nikamwambia labda kijana atalainika akiuona udongo. Niliomba njia nzima alainike. Sijawahi kuomba hivyo hata kwa ajili ya watoto wangu.

Kaburi lilikuwa na maji. Masika kwetu ukichimba kidogo tu maji yanakuja yenyewe, si ajabu. Vijana wawili walikuwa chini wanachota kwa ndoo na kuwapa wa juu, lakini kila walipochota yalichimbuka mengine, mpaka likabaki lile tope ambalo ndoo hailikamati. Wakatupa majani ya migomba, yakaelea. Mchungaji alikuwa ameficha Biblia ndani ya koti. Watu walianza kutazama mawingu. Nikaona Ambakisye anainama ukingoni, anazungumza na wale wa chini, kisha anageuka na kuja upande wetu wanawake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akachuchumaa kwa adabu kwenye matope.

“Mama mkubwa, naliomba lile.”

“Lile letu?”

“Lile lenu.”

Nilimpa kwa mikono miwili. “Ndaga fijo, mwanangu,” nikamshukuru kwa Kinyakyusa chetu. “Ndaga fijo.” Mama Zuhura alinikumbatia kiunoni, akawa analia, anacheka, anamshukuru Mungu kwa Kiarabu chake chote. Ambakisye alilikunjua pale ukingoni. Rangi zikaonekana na watu wote. Mama mmoja nyuma yangu, sijui wa nani, akasema, “Eh, zuri hilo.” Nilisikia fahari, nasema kweli, fahari mbele ya jeneza la rafiki yangu.

Kisha akalishusha kwa wale vijana wa chini.

Walilikunja mara mbili, wakalitandika kwenye tope, wakaanza kulikanyaga. Mmoja kwenye pembe hii, mwingine pembe ile, miguu mitupu, maji yanapanda na kuzama. “Linakunywa vizuri,” mmoja akaita kutoka chini. “Lina unene.” Buluu ya Mama Zuhura ilionekana kidogo katikati ya vidole vya mguu, halafu tope likaichukua. Walipoona pamekauka wakatoka, jeneza likashushwa juu yake.

Mama Zuhura alinong’ona, “Ameenda nalo, shoga yangu. Tushukuru.”

“Aliomba kufunikwa,” nikasema.

“Najua.”

Watu walipoanza kutawanyika Ambakisye alitufuata. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwiko, uso umelegea, kama mtu aliyetua mzigo.

“Mama zangu, msiniwekee kinyongo,” akasema. “Mmeona, na lenu limeingia. Bila lile mama angelala majini.”

Nilimtazama sana usoni, nikitafuta kejeli ili nimpige kofi. Haikuwepo. Alikuwa ananishukuru kwa moyo wake wote. Kijana huyu alilala ndani ya kazi yetu tangu mdogo, alimwona mama yake akiipanga sakafuni, alitusikia tukicheka mpaka majirani wanachungulia, na katika miaka yote hiyo alichokiona ni kitambaa kinene kinachokunywa maji.

“Haya, mwanangu,” nikamjibu, kwa sababu alikuwa mfiwa na alisubiri jibu. Tukashika njia ya Kyela.